Chaza kumi hawatakushushia naitreti, mwani unaouvuna ndo utakushushia

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nina tangi la maji chumvi lita 250 hapa Mbezi, samaki sita na matumbawe laini machache. Naitreti, ile inayotokana na uchafu wa samaki, inagoma kushuka chini ya miligramu 40 kwa lita na vioo vinajaa ukoga kila siku mbili. Nimesoma kwamba chaza mmoja anachuja lita 190 kwa siku, nikawaza nikaokote kama kumi hivi pwani maji yakitoka, niwafukie kwenye mchanga wa tangi, halafu niweke na rifujiamu, yaani chumba kidogo cha kukuzia mwani, skima (mashine inayotoa uchafu kwa povu) nizime kabisa maana inakula LUKU. Itafanya kazi? Na mwani wa Jambiani unafaa?"

Marahaba. Swali zuri sana, na nusu ya mpango wako uko sawa kabisa, ila hiyo nusu nyingine ukiifanya ulivyoiandika hapo basi wiki ya tatu utakuwa unaopoa samaki waliokufa, kwa hiyo kabla hujaenda pwani na ndoo soma kwanza mpaka mwisho.

Tuanze na hiyo lita 190. Namba ni ya kweli ila sio ya chaza wa kwetu wala sio ya tangi. Ni ya chaza wa Marekani, yule Crassostrea virginica wa ghuba ya Chesapeake, tena mkubwa, tena siku ambayo joto la maji na kila kitu viko vizuri. Na anachokitoa kwenye hayo maji ni chembe: vimwani vidogo vinavyoelea, vumbi la uchafu, bakteria. Naitreti haielei kama chembe, imeyeyuka ndani ya maji kama chumvi ilivyoyeyuka, inaingia kwenye mashavu ya chaza na kutoka vilevile, hana habari nayo. Ndo maana unaweza kuona mtu ana maji maang'avu mpaka unasoma gazeti upande wa pili wa tangi na bado kipimo kinasema 40.

Halafu kuna hili ambalo watu wengi hawalifikirii. Akishakula hizo chembe, anafanyaje? Anakunya. Zile asizozitaka anazifunga kwa ute anazitema chini, na mkojo wake ni amonia, ambayo bakteria wa kwenye mawe wanaigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti, yaani umerudi palepale ulipoanzia. Kule Chesapeake huo uchafu unazama kwenye tope zito lisilo na hewa, na humo kuna bakteria wengine wanaoivunja naitreti ikawa gesi ya naitrojeni ikapaa zake, kwa hiyo ghuba inapata nafuu. Kwenye tangi lako lenye mchanga wa sentimita tatu hilo tope halipo, kwa hiyo unachofanya ni sawa na kufagia taka uvunguni mwa kitanda.

Sasa hao wa kuokota ndo hatari zaidi, kombe na chaza wale wanaookotwa na kina mama bamvua likitoka. Hawa wanaishi kwa kula chembe za majini peke yake, na maji ya tangi la nyumbani ukilinganisha na bahari ni matupu, hayana kitu. Wanakaa wiki kadhaa wakijila wenyewe, nyama inasinyaa ndani ya gamba, we kwa nje unaona gamba limefunga vizuri unasema mzima huyu, kumbe anakufa taratibu chini ya mchanga ambako humuoni. Fanya hesabu kidogo uone uzito wake. Kombe mmoja mwenye nyama gramu 10 hivi, ukimkausha anabaki kama gramu 2, na katika hizo kama gramu 0.2 ni naitrojeni. Akioza yote ikatoka kama amonia, kwenye lita 250 unapata karibu miligramu 1 kwa lita. Huyo ni mmoja! Bakteria wako watakula sehemu sawa, ila kwenye maji ya bahari yenye pH 8.2 amonia inauma kuliko kwenye maji baridi ya mto, na we unataka kufukia kumi ambao watakufa kwa kufuatana. Usifanye. Na ukiacha tangi, visiwa kama Mbudya na Bongoyo ni hifadhi, huko hata gamba tupu usibebe.

Wapo chaza wa aina nyingine ambao ndo hasa watu wa matangi wanawazungumzia, wale Tridacna wenye nyama ya rangi inayotanda nje ya gamba, bluu, kijani, kahawia yenye madoadoa. Wawili kati yao ni wa huku huku kwetu, maxima na squamosa, ukizamia kwenye miamba unawaona wamejibana na ukipitisha kivuli juu yao wanafunga. Hawa wana mambo tofauti kabisa kwa sababu ile nyama ya rangi imejaa vimwani vidogo vinavyopika chakula kwa mwanga, na vimwani hivyo vinataka naitrojeni, kwa hiyo amonia ya chaza mwenyewe inaliwa humohumo ndani kabla haijatoka, na akipata mwanga wa kutosha anavuta hata amonia na naitreti iliyoyeyuka kwenye maji. Hii sio hadithi ya wauza duka. Kwenye mashamba ya kuzalisha Tridacna, kazi ambayo Palau ni kati ya waanzilishi wake, imejaribiwa kuongeza mbolea ya naitrojeni kwenye matangi ya vifaranga na wakakua haraka zaidi. Yaani mnyama anawekewa mbolea kama mahindi.

Utaniuliza, kwa hiyo basi niweke huyo? Ngoja. Anakula naitreti, ndio, ila kiasi gani? Naitrojeni anayoivuta inabaki kwake pale tu inapogeuka nyama. Chukua chaza anayekua vizuri, tuseme kwa mwaka mzima ameongeza nyama gramu 30. Ukikausha ni gramu 6, naitrojeni yake haifiki hata gramu 0.6. Sasa angalia upande wa chakula unachomwaga. Chakula kikavu cha samaki chenye protini asilimia 40, kila gramu moja ina naitrojeni kama gramu 0.064. Kwa hiyo huyo chaza wako wa bei mbaya, kwa mwaka mzima, ameondoa naitrojeni ya chakula gramu tisa hivi. Samaki sita unawalisha gramu tisa kwa muda gani? Wiki na kidogo, kama unawalisha gramu moja kwa siku, na mi nina wasiwasi unazidisha.

Hapo ndo lilipo jambo lenyewe. Kwenye tangi hakuna kinachoondoka mpaka kitolewe nje, ama kwa mkono wako, ama kwa kikombe cha skima, ama kiwe gesi. Chaza humtoi, unamfuga. Mwani unautoa. Ndo maana rifujiamu inafanya kazi na chaza ni wa kupendeza tu, akikusaidia kidogo shukuru.

Sasa rifujiamu. Ni chumba tu pembeni au chini ya tangi, mara nyingi ndani ya sampu, lile tangi dogo la chini linalopokea maji ya tangi kubwa, maji yanapita taratibu, hakuna samaki wa kula mwani, na kuna taa yake peke yake. Wazo la kusafisha tangi kwa mwani ni la zamani, Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian kule Washington alikuwa anaendesha miamba mizima ya matumbawe ndani ya jengo kwa mwani uliokuwa unakwanguliwa mara kwa mara, miaka ya 1980 hiyo. Wa kwake ulikuwa wa kuota kwenye wavu kama zulia, sisi wa nyumbani tunatumia zaidi Chaetomorpha, wafugaji wanaiita keto, ule unaofanana na uzi mgumu wa kijani uliojisokota. Naupenda kwa sababu haushiki kwenye jiwe, unaelea bonge zima, ukitaka kuvuna unanyofoa tu.

Mavuno sasa, na hapa twende taratibu kidogo. Nyofoa keto, kamua maji kwa mkono mpaka yaache kuchuruzika, weka kwenye mizani ya jikoni. Gramu 100 za mwani uliokamuliwa, kavu yake ni kama gramu 10, na naitrojeni ni kama asilimia 3 ya hiyo kavu, kwa hiyo umetoa gramu 0.3. Ukiibadili kuwa naitreti ni gramu 1.3 hivi, na kwenye lita zako 250 hiyo ni miligramu 5 kwa lita. Ni makadirio, mwani ulioshiba unabeba zaidi na wenye njaa unabeba pungufu, ila inakupa picha. Chakula nacho, kile gramu moja kwa siku kikigeuka naitreti chote ni kama miligramu 1.1 kwa lita kila siku, karibu 8 kwa wiki. Samaki wanabakiza mwilini, bakteria wanakula sehemu, skima inatoa sehemu, kwa hiyo haifiki 8 kweli, lakini unaona kwamba ili usimame tu pale ulipo bila kupanda unahitaji kuvuna gramu 100 mpaka 150 kila wiki. Kile kibonge cha ukubwa wa ngumi watu wanachoweka kwenye kisanduku cha kuning'iniza nyuma ya tangi, halafu hawakivuni miezi mitatu, kiukweli hakifanyi kitu. Mwani usiovunwa ukijaa unajizibia mwanga, wa chini unaoza, na naitreti uliyokuwa umeishika unakurudishia.

Na usiiachie rifujiamu kazi ya kutoka 40. Hiyo itakuchosha, ni zaidi ya nusu kilo ya mwani bila kuhesabu unachoendelea kulisha. Badili maji nusu ya tangi, ngoja wiki, badili nusu tena, 40 inakuwa 20 inakuwa 10, mradi maji mapya yenyewe hayana naitreti. Sasa hapo nikuulize, unachanganya chumvi na maji gani? Maana kama ni ya kisima, visima vingi vya mjini vina naitreti tayari kwa sababu ya vyoo vya jirani, kwa hiyo inawezekana miezi yote hii unapambana na ndoo yako mwenyewe. Pima maji ya ndoo kabla hujapima ya tangi. Kama unachota baharini, chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito, na masika acha kabisa kwa sababu chumvi inashuka na uchafu wote wa mji unateremka.

Ukubwa wa chumba, kwa tangi lako lita 25 mpaka 40 panatosha. Taa, hizi LED za kukuzia miche zenye mwanga wa zambarau zinafanya kazi vizuri tu, wati 20 hadi 30, usinunue ya bei mbaya iliyoandikwa jina la mwani. Iwashe usiku wakati taa ya juu imezimwa, kwa muda wa saa 12 mpaka 14. Sababu ni kwamba usiku samaki, matumbawe na bakteria wote wanapumua, hewa ukaa inajaa, pH inashuka hata kufika 7.9 alfajiri, na mwani ukiwa na mwanga muda huo unaivuta hewa ukaa hiyo na kutoa oksijeni, kwa hiyo pH haichezi sana.

Pima na fosfeti, hukuitaja kwenye swali. Mwani unakula naitrojeni na fosforasi pamoja, kwa uwiano wa kama 30 kwa 1 ukihesabu atomu, na kimoja kikiisha kingine hakiliwi. Nimeona matangi mengi yenye naitreti 40 na keto limesinyaa limekuwa kijani mpauko, mwenye tangi anashangaa mbona chakula kipo tele, kumbe kaweka dawa ya kufyonza fosfeti mpaka imefika sifuri. Toa hiyo dawa kwanza. Likiwa bado linapauka wakati vyote viwili vipo, tone la madini ya chuma kwa wiki linasaidia.

Kuhusu Kaulepa, ile yenye majani kama manyoya au zabibu, utaambiwa inakua haraka kuliko keto, na ni kweli. Ila ina tabia ya kuamua kuzaa siku moja, inageuka nyeupe, inamwaga kila kitu ilichokibeba ndani ya usiku mmoja na maji yanakuwa kama maziwa. Bora keto. Na wa aina yoyote ile, mavuno usiyatupe baharini. Kaulepa taksifolia ilionekana baharini chini ya jumba la akwariamu la Monaco mwaka 1984 na ikasambaa Mediterania, mwaka 2000 ikaonekana California wakatumia mamilioni ya dola kuiondoa. Sisi hapa Kaulepa nyingi ni za kwetu, ila uliyonunua dukani hujui ilikotoka wala ilichobeba. Suuza chumvi, weka kwenye mbolea ya bustani, au wape samaki wanaokula majani.

Wa Jambiani sasa. Ule ni spinosamu, mbegu zake zililetwa kutoka Ufilipino na kilimo chake kikaanza Unguja mwaka 1989. Unakulia kwenye kamba katikati ya mkondo na jua kali, maji yanaupiga muda wote. Ukiuweka kwenye kisanduku ambako maji yanatembea pole pole na taa ni ya wati 20, matawi yanapauka, yanalainika, yanakatika. Wakulima wenyewe wanaijua hiyo hali, maji ya kina kifupi yakichemka kipindi cha kaskazi mwani unakuwa mweupe na kudondoka kamba nzima, na ule wa kotonii, aina nyingine inayolimwa, ndo mwepesi zaidi kuathirika, wengi wameuacha. Unafaa kulisha samaki, kwa rifujiamu ya ndani hapana.

Skima usizime. Najua LUKU inauma, ila hebu piga hesabu. Pampu ya skima ya wati 15 ikizunguka saa 24 ni uniti 0.36 kwa siku. Taa ya mwani ya wati 25 saa 14 ni uniti 0.35. Umebadilisha tu jina la mlaji. Na hawafanyi kazi moja, skima inatoa uchafu kabla haujavunjika, mwani unakula kilichobaki baada ya kuvunjika, juu ya hapo skima inaingiza hewa. Umeme ukikatika usiku ndo utaona umuhimu wake, maana mwani gizani nao unapumua, unashindana oksijeni na samaki wako. Watu wanadhani rifujiamu ni kinga ya umeme kukatika, ni kinyume chake, kwa hiyo nunua pampu ndogo ya hewa ya betri, inayojiwasha yenyewe umeme ukienda.

Na kama moyo bado unataka Tridacna, mi sikukatazi, ni mnyama mzuri sana. Ila aje baada ya naitreti kutulia kwenye 5 hadi 10 kwa miezi kadhaa, na usiipeleke sifuri, maana hapo unamnyima mbolea yake na rangi inapauka. Chukua squamosa aliyezalishwa shambani, wa sentimita 8 kwenda juu, maxima anataka taa kali kuliko uliyonayo nadhani. Ujue atakua, squamosa anafika hata sentimita 40, tangi lako siku moja litamshinda. Tridacna wote wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu 1985, kwa hiyo aliyevuka mpaka lazima awe na karatasi, muombe muuzaji akuoneshe. Mweke juu ya mchanga penye mwanga, na kama ameshika kwenye jiwe kwa zile nyuzi zake za chini usimvute, ukizing'oa kwenye mzizi anaweza kufa, nunua na jiwe lake. Usiku mulika tochi pembeni ya gamba, ukiona vikonokono vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele vinang'ang'ania pale kwenye ukingo, vitoe vyote kwa mswaki, vinamnyonya. Dawa yoyote ya samaki yenye shaba isiingie kwenye tangi hilo tena. Na gamba linajengwa kwa kalsiamu na kaboneti, kwa hiyo pima kila wiki alkaliniti (ndiyo inayoonesha kaboneti), ibaki dKH 8 hadi 10, na kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Kaskazi chumba kikifika nyuzi 32 washa feni ipulize juu ya maji, joto linashuka nyuzi mbili tatu, ila maji yanayokauka uyafidie kwa maji matamu ya RO, yaani yaliyosafishwa kwa mashine ya kuchuja, sio ya chumvi.

Nitumie vipimo vitatu: fosfeti ya tangi, naitreti ya maji ya ndoo kabla hujachanganya chumvi, na gramu unazolisha kwa siku zikiwa zimepimwa kwenye mizani, sio kwa kukisia. Nikishaviona ndo nitakwambia uanze na keto kiasi gani.